Kudodosa na kuhoji: jibu kwa mwandishi wa habari za mahakamani

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandika habari za mahakamani hapa Mwanza, na kazi hii nimeianza hivi karibuni. Juzi niliandika kwamba shahidi "alidodoswa na wakili wa utetezi". Mhariri akabadilisha ikawa "alihojiwa", akasema kudodosa ni neno la umbea, la watu wanaochimba siri za wenzao. Wiki hiyohiyo mwenzangu aliandika kwamba polisi "wamemdodosa mtuhumiwa", na habari yake haikuguswa. Kudodosa ni nini hasa, na linaachana wapi na kuhoji, kusaili na kudadisi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukukosea. Katika mahakama za Tanzania, maswali anayoulizwa shahidi na upande ambao haukumleta huitwa maswali ya dodoso, na wanaoyaita hivyo ni watu wa mahakamani wenyewe. Waliofuatilia magazetini kesi ya Freeman Mbowe, mwanasiasa wa upinzani, na wenzake, tangu 2021 hadi ilipoondolewa mahakamani Machi 2022, walikutana na maneno hayo mara kwa mara. Mhariri wako naye ana sehemu yake ya ukweli, kwa sababu mtaani neno hili lina matumizi ambayo hayana sheria wala hakimu. Lakini alipoliondoa kwenye sentensi yako alimpunguzia msomaji habari, na habari hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu.

Kamusi zetu hulifafanua kwa mkato: kudodosa ni kuuliza maswali mengi ili kupata undani au ukweli wa jambo. Maelezo hayo ni sahihi, ila wingi wa maswali peke yake hautoshi. Karani wa benki anayekufungulia akaunti anakuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, kazi, makazi na mrithi. Maswali ni mengi, na hakuna atakayesema umedodoswa. Yaliandikwa kabla hujaingia mlangoni, na jibu lako kwa swali la tatu haliligusi la nne. Kudodosa kunaanza pale jibu linapozaa swali.

Msikilize daktari aliyeifahamu kazi yake. Mgonjwa anasema tumbo linauma. Tangu lini? Tangu juzi. Linauma muda wote, au linakuja na kuacha? Linakuja. Linakuja kabla ya kula au baada ya kula? Baada. Ukila chochote, au kuna chakula ukikila ndipo linaanza? Hapo mgonjwa anatulia, anafikiri, na anasema jambo ambalo alipoingia hakuwa na nia ya kulisema, kwa sababu hakujua lina maana. Hilo ndilo jambo la pili kuhusu neno hili: anayedodoswa hatoi yote kwa mara moja. Huenda anaficha. Huenda pia amesahau, anaona haya, anaogopa, au hajui kwamba alichonacho kina thamani kwa anayeuliza. Watu wengi hudhani kila anayedodoswa ana siri au hatia, na dhana hiyo ina hatari hasa kwa mwandishi wa mahakamani, kwa maana shahidi mwaminifu kabisa anadodoswa sawasawa na mwongo.

Kuhoji ni jambo jingine. Ndani yake mna hoja, na yote mawili asili yake ni neno la Kiarabu hujja. Anayehoji anadai sababu au maelezo, na mara nyingi ana nafasi inayompa uwezo wa kuyadai. Ndiyo maana mwanakijiji anaweza kuhoji matumizi ya fedha za zahanati bila kumuuliza mtu yeyote swali ana kwa ana. Amelitilia jambo shaka na anataka lielezwe. Bungeni Dodoma, anayeongoza kikao "anawahoji" wabunge ili wanaoafiki waseme ndiyo na wasioafiki waseme siyo. Hapo hakuna undani unaotafutwa, kinachodaiwa ni uamuzi.

Kipimo ninachopenda kuwapa wanafunzi wangu ni hiki: mtu anaweza kudai ahojiwe, lakini sijasikia mtu anayedai adodoswe. Februari 2008, Kamati Teule ya Bunge chini ya uenyekiti wa Harrison Mwakyembe ilipowasilisha ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alilalamika mbele ya Bunge kwamba kamati haikumwita kumhoji, kisha akatangaza kujiuzulu. Jaribu kuweka "kumdodosa" mahali pa "kumhoji" katika lalamiko hilo, utaona linaanguka. Alichokuwa akikidai ni nafasi ya kusikilizwa, na nafasi hiyo jina lake ni kuhojiwa. Kudodoswa hakumpi mtu nafasi yoyote. Kunamtoa alichonacho.

Kusaili nitakupitisha haraka. Neno hili na swali ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu, ila kwa Tanzania limehamia zaidi kwenye ajira na kwenye utafiti. Tazama matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: kuna usaili wa mchujo, usaili wa vitendo, na usaili wa mahojiano. Maana yake usaili ni utaratibu mzima wa kumpima mtu kama anafaa, na mahojiano ni hatua mojawapo ndani yake. Mtu anaweza kufanyiwa usaili kwa kalamu na karatasi asifungue kinywa. Kenya wao husema mahojiano ya kazi, na mawaziri wateule "hupigwa msasa" na kamati ya Bunge. Lakini angalia sentensi hii: "Wasaili walimdodosa kuhusu miaka miwili ambayo hakuionyesha kwenye wasifu wake." Iko sawa kabisa. Usaili ni tukio, kudodosa ni namna maswali yalivyokwenda ndani ya tukio hilo. Ukiishika tofauti hiyo, mengi yatajipanga yenyewe.

Kudadisi kunaeleza hali ya anayeuliza, shauku yake ya kujua. Mtoto mdadisi darasani anasifiwa, na jirani mdadisi anakimbiwa, ingawa wote wawili wana kiu ileile. Mtu anaweza kudadisi mashine au nyota, vitu visivyojibu. Kudodosa kunahitaji mtu wa kujibu. Kupeleleza, kwa upande wake, kunaweza kwisha bila mhusika kuulizwa lolote, na wewe umekwisha kuandika mara nyingi kwamba "upelelezi haujakamilika" wakati mtuhumiwa yuko mahabusu na hakuna anayemuuliza kitu.

Sasa turudi mahakamani, maana huko ndiko neno lina uzito wake kamili. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, iliyotungwa 1967 na kuchota mengi kutoka Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, inampitisha shahidi kwenye hatua tatu. Kwanza upande uliomleta unamwongoza kutoa ushahidi wake. Hapo wakili hapaswi kumlisha maneno, na akijaribu, upande wa pili utasimama kupinga. Kisha upande wa pili unapata zamu yake, nayo ndiyo dodoso. Wakili sasa anaruhusiwa kuuliza maswali yenye jibu ndani yake, kama "Siku hiyo ulikuwa umekunywa, sivyo?", na hafungwi na yale tu ambayo shahidi ameyasema katika hatua ya kwanza. Mwisho upande uliomleta unarudi kumuuliza ili afafanue yaliyojitokeza kwenye dodoso.

Ukiandika "alihojiwa", msomaji hajui ni hatua ipi kati ya hizo tatu, na hajui kama aliyeuliza alikuwa upande wa shahidi au dhidi yake. Tofauti hiyo inabadilisha maana ya maneno yaleyale. Shahidi akisema "sura yake sikuiona vizuri" wakati anaongozwa na wakili wa upande wake, huo ni uungwana wa mtu anayesema alichokijua na asichokijua. Akiyasema hayohayo kwenye dodoso, baada ya kusisitiza asubuhi nzima kwamba alimtambua mshtakiwa, kesi imeyumba.

Na mara nyingi inayumba kimyakimya. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilieleza mambo ya kuangaliwa kabla ya kuamini utambuzi wa mtu kwa macho: shahidi alimtazama kwa muda gani, kutoka umbali gani, katika mwanga gani, na kama alimfahamu kabla. Tangu hapo mawakili wa utetezi katika kesi za uvamizi wa usiku hudodosa wakifuata njia hiyo. Utayasikia maswali ya namna hii:

"Ulimwona?"
"Nilimwona."
"Saa ngapi?"
"Saa nane usiku."
"Ulimwona kwa mwanga gani?"
"Wa taa."
"Taa ya nani?"
"Ya jirani."
"Jirani wa upande gani?"
"Wa nyuma ya nyumba."
"Na wewe ulichungulia dirisha la upande gani?"
"La mbele."

Hakuna swali kali hata moja hapo. Wakili hakupaza sauti wala hakumwita mtu mwongo. Kila swali lilishika jibu lililotangulia, na jibu la mwisho shahidi alilitoa mwenyewe. Waandishi wengi wangeandika "wakili ambana shahidi", au kwamba shahidi "awekwa kitimoto", kwa kuwa maneno hayo yana joto na yanauza gazeti. Yana mahali pake, pale ambapo mtu kweli alibanwa, akatokwa jasho, akakosa pa kutokea. Lakini yanaeleza nguvu, na kudodosa hakuhitaji nguvu. Wadodosaji hodari niliowasikia ni watu wa sauti ya chini. Kwa hiyo badala ya kitenzi chenye makelele, mpe msomaji kilichopatikana: "Akijibu maswali ya dodoso ya wakili wa utetezi, shahidi alisema taa ilikuwa nyuma ya nyumba na dirisha alilochungulia ni la mbele." Sentensi hiyo haina sifa wala shutuma, na kila anayesoma ataelewa kilichotokea.

Kuna habari nyingine ambayo waandishi wageni huikosa kabisa, nayo ni dodoso lisiloulizwa. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba upande usiomuuliza shahidi juu ya jambo la msingi alilolieleza huchukuliwa kuwa umelikubali. Basi shahidi akisema aliona kisu mkononi mwa mshtakiwa, kisha utetezi ukamuuliza juu ya saa, njia na majirani, usiguse kisu, andika kwamba hakudodoswa kuhusu kisu. Inaweza kuwa habari kubwa kuliko yote ya siku hiyo, na hutaiona kama "kuhojiwa" na "kudodoswa" kwako ni kitu kimoja.

Kwenye mahakama ya mwanzo, ambako kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa, wenye kesi hudodosana wenyewe, na si kazi nyepesi. Hakimu anamuuliza mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi. Mshtakiwa anasimama: "Mheshimiwa, huyu anasema uongo, mimi siku hiyo nilikuwa Magu." Hakimu anamwambia hayo atayasema wakati wa kujitetea, sasa aulize swali. Anarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Katika hali hiyo usiandike kwamba mshtakiwa alimdodosa shahidi. Alipewa nafasi ya kumdodosa, akaitumia kukanusha. Huruma yangu huwa kwa watu kama hao, kwa kuwa kuuliza swali lenye kusaidia ni ujuzi, na wao wanatakiwa kuwa nao siku ya hofu kuliko zote. Na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na sio ya ngazi ya mwanzo tu, maneno haya hayalazimiki tena kupita mkononi mwa mfasiri kabla ya kuingia kwenye kumbukumbu. Ndiyo sababu sitaki yalegezwe.

Kuhusu mwenzako aliyeandika kwamba polisi wamemdodosa mtuhumiwa: kama mhariri alipaswa kugusa habari moja wiki ile, ni hiyo. Kituoni mtuhumiwa huhojiwa, na nyuma ya neno hilo kuna sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, nazo zinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa 8. Kabla ya kuandika maelezo yake lazima aonywe kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema linaweza kutumika kama ushahidi, ndiyo maana maelezo hayo yanaitwa maelezo ya onyo. Ukisema "walimdodosa", unayafuta yote hayo na kulifanya tukio lionekane kama mazungumzo tu. Unaweza kutumia dodosa kwa polisi ukiwa unaeleza jinsi maswali yalivyokwenda na una uhakika nayo, kwa mfano kama askari mwenyewe ameeleza mahakamani kwamba alianza na safari ya mtuhumiwa hadi akafika kwenye simu. Vinginevyo andika alihojiwa. Na kama mshtakiwa anadai alipigwa, andika kwamba anadai alipigwa. Kipigo kisifichwe chini ya kitenzi cha kuuliza, kiwe hiki au kile.

Mara nyingi maneno haya mawili hukutana katika kesi moja. Mshtakiwa akikana maelezo ya onyo, mahakama husimamisha shauri kuu na kusikiliza kesi ndogo ndani ya kesi kubwa ili kuamua kama maelezo yapokewe. Ilitokea hivyo katika kesi ya Mbowe na wenzake, kuhusu maelezo ya mmoja wa washtakiwa. Hapo askari aliyehoji kituoni ndiye anayedodoswa kizimbani. Mwandishi anayetumia neno moja kwa mambo yote mawili atamchanganya msomaji wake katika aya moja.

Hukuuliza kuhusu nomino, lakini itakufikia. Dodoso, wingi madodoso, ni pia karatasi ya maswali ambayo wengine huiita hojaji. Sensa ya 2012 ilikuwa na dodoso refu na dodoso fupi, na ile ya 2022 makarani walikuja na vishikwambi, lakini waliendelea kuyaita maswali yao dodoso. Kwa ladha yangu hojaji inafaa zaidi kwa karatasi, kwa sababu niliyoitaja kuhusu karani wa benki: maswali yaliyochapwa hayawezi kusikiliza. Hata hivyo sitapigana na matumizi yaliyokwisha kukaa, na yana hoja yake. Dodoso la sensa lina maswali yanayofungwa na mengine kufunguliwa kwa jibu la mtu. Akisema hajawahi kwenda shule, karani anaruka swali la darasa alilofikia. Karatasi nayo, kwa uwezo wake mdogo, inafuata jibu. Wewe andika tu "maswali ya dodoso" kwa mahakamani na "dodoso la sensa" au "dodoso la utafiti" kwa karatasi, pasiwe na utata.

Ama umbea. Pwani, kabla ya posa, watu wa kijana huulizia habari za binti na nyumba yao. Mama mmoja huenda kwa shoga yake anayekaa mtaa huo, wakaanza na bei ya samaki, wakaja kwenye harusi iliyopita, wakaja kwa waliohudhuria, na kahawa ikiisha ameshajua kama binti ana ahadi kwa mtu mwingine. Amedodosa, tena vizuri sana, na hakuna mtu mzima atakayemlaumu, kwa kuwa ndoa ni jambo la kuuliziwa. Umbea unakuja baadaye, kama habari zile zitapelekwa nyumba ya tatu na ya nne. Kosa liko kwenye kusambaza, na lugha inalo neno lake kwa kosa hilo. Vijana wanaosema "alikuwa ananichimba" wanalalamikia nia ya aliyeuliza. Hicho nacho ni kitu kingine.

Mwisho, mambo machache ya sarufi yatakayokusaidia mezani. Dodosa hupokea mtu, "kumdodosa shahidi", na hupokea jambo pia, "kudodosa habari za shamba kwa majirani". Anapotajwa mtu, jambo lifuate "kuhusu" au "juu ya". Usiandike "alidodoswa kwa kina", kwa sababu kina kimo ndani ya kitenzi tayari. Kama unataka kuonyesha kwamba ilichukua muda, taja muda. Dodoseka lipo na lina manufaa: "shahidi huyu hadodoseki" ni yule anayejibu ndiyo au hapana tu, asiache pa kushikia swali jingine. Anayeuliza ni mdodosaji. Anayeulizwa wengine humwita mdodoswaji, lakini kwenye habari zako mwite cheo chake cha mahakamani, shahidi wa kwanza, shahidi wa tano, maana hicho ndicho kitakachomwezesha msomaji kumfuatilia kesi itakapoitwa tena.